Linki ipo humu humu

Kipindi cha tatu kilikuwa karibu kuanza. Madam wa Kemia alisimama kwenye dirisha la ofisi ya walimu, pale ambapo mtandao hushika, kidole gumba kikipandisha mazungumzo ya WhatsApp: juu, juu tena, juu zaidi. Yalikuwa mazungumzo yake na yeye mwenyewe, yale ambayo wengi wetu tunayo siku hizi. Linki, tokeni ya LUKU, linki, namba ya fundi bomba, linki, linki, picha ya fomu, linki.

"Ipo humu humu," alisema bila kuinua macho. "Niliiweka likizo ya Juni."

Alikuwa anatafuta ukurasa mmoja wa PhET, ule mradi wa majaribio ya sayansi ya kwenye skrini ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na mwanafizikia Carl Wieman. Kwenye ukurasa huo mwanafunzi anachovya kipimo cha pH ndani ya bika, anabadilisha asidi kali kwa asidi hafifu, anatumbukiza waya na kuona taa inavyong'aa au kufifia. Katika maabara kama yetu, ambako kemikali huisha kabla muhula haujaisha, ukurasa ule ni kipindi kizima cha vitendo.

Akaandika kwenye sehemu ya kutafutia: asidi. Hakuna kitu. Akaandika kemia. Ukaja ujumbe mmoja wa zamani kuhusu bei ya vitabu. Akaandika maabara. Hakuna.

Kiranja wa darasa akachungulia mlangoni. "Shikamoo Madam. Tunakusubiri."

"Marahaba, nakuja."

Simu ikaingia mfukoni, akachukua chaki na andalio la somo, akaenda.

Tukio lile limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ni dogo, linatokea kila siku katika kila ofisi, na ndiyo maana linanisumbua. Mtu makini alitumia likizo yake kupekua kurasa, akaona upi utawafaa wanafunzi wake, akauweka. Kazi yote aliifanya. Siku ulipohitajika, haukuja.

Na ulikuwepo.

## Maneno yasiyo yetu

Mchana ule tuliupata, kwa kupanda na mazungumzo polepole hadi mwezi wa sita. Ujumbe wenyewe ulikuwa anwani ndefu inayoanza na phet.colorado.edu, na chini yake kijipicha chenye maneno Acid-Base Solutions. Basi. Neno asidi halikuwemo. Neno kemia halikuwemo. Kidato cha tatu hakikutajwa. Kila jina ambalo Madam angeweza kuuitia ukurasa ule, ujumbe haukuwa nalo.

Watu husema hili ni suala la nidhamu: panga vitu vyako, utavipata. Sikubali. Madam ana nidhamu kuliko wengi tunaofanya naye kazi. Tatizo liko kwenye kile kinachobaki baada ya kuhifadhi.

Unapobonyeza ile nyota kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome, alamisho (bookmark) inayobaki ina mambo mawili ya maana: anwani ya ukurasa na kichwa chake. Maandishi ya ndani hayaingii. Ukurasa wa maneno elfu tatu utajulikana kwa maneno matano, na hayo matano aliyachagua mtu mwingine, mara nyingi akiwaza namna ya kuonekana kwenye Google. Namna utakavyoukumbuka wewe mwezi wa tisa haikumpitia akilini.

Nyaraka za PDF ndizo mbaya zaidi. Nyingi zinahifadhiwa kwa jina la faili: tarakimu, mistari ya chini, neno final, tarakimu tena. Zipo pia tovuti ambazo kila ukurasa wake, uwe wa mbolea au wa ada, kichwa chake ni Mwanzo.

Halafu tunaiuliza simu kwa maneno yetu. Sehemu ya kutafutia inalinganisha herufi tu. Haijui kwamba asidi na acid ni kitu kimoja, wala haijui kwamba ulipoweka linki ile ulikuwa unawafikiria kina nani.

## Upinde wa Waturuki

Hamu ya kuvirudia haraka vitu tulivyovisoma ni ya zamani kuliko intaneti. Julai 1945, Vannevar Bush, mhandisi aliyesimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alieleza katika jarida la The Atlantic mashine ambayo haikuwahi kutengenezwa. Aliiita memex: meza yenye skrini na filamu ndogo ndogo, ambamo mtu angetunza vitabu vyake, barua zake na kumbukumbu zake zote, na kuvifikia kwa kasi.

Mfano alioutoa nimeurudia mara nyingi wiki hizi. Mwenye memex anataka kujua kwa nini upinde mfupi wa Waturuki uliushinda upinde mrefu wa Waingereza katika mapigano ya Vita vya Msalaba. Anasoma, anaunganisha ukurasa huu na ule, anachomeka karatasi ya uchambuzi aliyoiandika kwa mkono wake. Miaka inapita. Siku moja anazungumza na rafiki kuhusu jinsi watu wanavyokataa vitu vipya, na upinde ule unamjia akilini. Anabonyeza vitufe vichache, njia nzima aliyoipita inarudi kwenye skrini, anatoa nakala, anampa rafiki yake.

Ndicho alichokitaka Madam pale dirishani: miezi mitatu baadaye, kwa vitufe vichache, akawape wengine.

Wengi wanaomtaja Bush hushangazwa na mashine, kwa sababu inafanana sana na kilicho mbele yetu leo. Mimi nimesimama kwenye jambo dogo analolisema kwa kupita. Mtu anapojenga njia yake, anaipa jina. Yeye mwenyewe. Jina hilo analiandika kwenye daftari lake la alama, na ndilo analolibonyeza siku ya kurudi.

Simu zetu zinahifadhi bila kutuuliza jina.

## Duka la spea

Jibu la kawaida kwa miaka mingi lilikuwa folda. Kemia, ndani yake Kidato cha Tatu, ndani yake Asidi na Besi. Lina nguvu yake, na sitaki kulidharau. Ofer Bergman wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyofikia mafaili yao wenyewe, na wamekuta mara kwa mara kwamba watu hupendelea kupita folda kwa folda hata pale kompyuta ina kitafutio kizuri. Nawaelewa. Mwenye duka la spea Kariakoo haulizi boliti iko wapi. Mkono wake unaenda, kwa sababu ni mkono ule ule ulioiweka.

Linki lakini haziingii kwa utaratibu wa duka. Unaipata ukiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Unaipata kwenye kikundi cha wazazi saa nne usiku. Ukurasa mmoja unafaa Kemia na unafaa Biolojia, uuweke wapi? Na kwenye skrini ya simu, folda ndani ya folda ndani ya folda ni safari ndefu kwa mtu mwenye dakika mbili. Kwa hiyo karibu kila mtu ninayemfahamu ana folda moja kubwa isiyo na jina, au ana WhatsApp.

WhatsApp ina mpangilio mmoja tu: wakati. Ndiyo maana tunakumbuka kwa wakati. "Niliiweka likizo ya Juni." "Ilikuwa siku ile ya msiba Korogwe."

## Kwani si utafute upya?

Nilipokuwa nalieleza jambo hili ofisini, mwalimu wa Jiografia akaniuliza swali lililonirudisha nyuma kabisa. "Sasa mwalimu, kwa nini uhifadhi? Si uingie Google tena?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, na swali lile lilinikalia kuliko yote.

Ni swali lenye ushahidi nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti William Jones, Harry Bruce na Susan Dumais walichunguza jinsi watu wanavyotunza kurasa walizozipata kwenye intaneti. Wakakuta njia chungu nzima: alamisho, kuchapa karatasi, kumtumia mwenzako, kujitumia mwenyewe barua pepe. Hiyo barua pepe kwa nafsi yako ndiyo mzazi wa WhatsApp yetu ya leo. Kisha wakawapa watu kazi ya kuzirudia kurasa zile. Wengi walirudi vizuri tu, bila kugusa walichokitunza: waliandika anwani, walitafuta upya, au walipitia tovuti nyingine yenye linki hiyo.

Kama ndivyo, kuhifadhi kote huku ni kazi bure. Niliiacha fikra hiyo ikae. Kwa siku kadhaa niliamini mwalimu wa Jiografia ana haki.

Kilichonigeuza ni kuangalia ni kurasa gani watu hurudia. Mwaka 1997 Linda Tauscher na Saul Greenberg walionyesha kwamba asilimia 58 ya kurasa ambazo mtu hufungua ni zile alizokwisha kuzifungua kabla. Kiwango kikubwa sana. Lakini sehemu kubwa ya marejeo hayo ni kwa kurasa za muda mfupi uliopita, za leo asubuhi, za jana. Kwa hizo vivinjari vimeshatusaidia vya kutosha. Firefox 3, iliyotoka mwaka 2008, ilianza kupendekeza kurasa kwenye upau wa anwani, pale juu unapoandika anwani, kwa kupima zote mbili, umeufungua mara ngapi na lini mara ya mwisho. Ukiandika herufi tatu tu, ukurasa wa jana unakuja.

Ukurasa unaoumia ni ule uliouona mara moja, mwezi wa sita, na unauhitaji mwezi wa tisa. Kivinjari hakina sababu ya kuukumbuka. Na huo ndio mara nyingi wenye thamani, kwa sababu uliupata baada ya kupitia mingine mingi isiyofaa.

Kutafuta upya kunarudisha orodha, na matokeo ya leo si ya Juni. Kile ulichokifanya Juni, kukaa na kurasa kadhaa na kusema huu ndio, orodha haikijui. Unaanza kupima upya, kwa bando jipya, kengele inakaribia kugonga. Kwa yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni vigumu zaidi: ukurasa mzuri wa Kiswahili kuhusu ugonjwa wa mdondo wa kuku unaweza kuwa umefukiwa chini kabisa, chini ya matangazo na kurasa zilizotafsiriwa na mashine. Ukiupoteza, hakuna uhakika utauona tena.

Swali lake hata hivyo limenisaidia kupunguza. Tovuti ya NECTA siihifadhi. Ya Taasisi ya Elimu siihifadhi. Chochote ambacho mtu yeyote akiandika jina lake kinakuja cha kwanza, nakiacha huko huko. Ninachohifadhi sasa ni kile kilichonigharimu kukipata.

## Aliyeandika pembeni

Kuna mtu aliyelifikiria jambo hili sawasawa mapema. Joshua Schachter alikuwa anatunza linki zake kwenye faili la maandishi matupu, na pembeni ya kila linki anaandika neno moja au mawili ya kwake. Mwaka 2003 aliligeuza kuwa huduma ya wazi kwa wote, Delicious. Hukuwa na haja ya folda. Unaweka linki, unaandika lebo upendazo, nyingi uwezavyo, kwa lugha yoyote. Ukurasa mmoja unakuwa kemia na biolojia na mtihani kwa wakati mmoja, na unaufikia kwa lebo yoyote kati ya hizo.

Lile daftari la alama la Bush, kwa kweli.

Yahoo waliinunua Desemba 2005. Mwaka 2011 ikauzwa kwa Chad Hurley na Steve Chen, wawili kati ya waanzilishi wa YouTube. Ikapita mikono mingine, na mwaka 2017 Maciej Ceglowski, mwenye huduma shindani ya Pinboard, akainunua kwa dola 35,000 na kuigeuza ya kusomwa tu, bila kuongezwa kitu. Google Bookmarks ilifungwa Septemba 2021. Pocket, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilifungwa Julai 8, 2025. Watu walipewa muda wa kutoa linki zao, na mwenye habari alizitoa.

Kwa hiyo popote unapohifadhi, swali la kwanza ninaloliuliza ni: ninazitoaje humu?

Vivinjari vikubwa vya kompyuta vina jibu. Vyote vinaweza kutoa alamisho zako zote kama faili moja la HTML. Litoe leo, lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, Notepad inatosha. Mstari wa kwanza utaona maneno NETSCAPE-Bookmark-file-1. Netscape, kivinjari cha miaka ya tisini, kiliacha kuhudumiwa rasmi Machi 2008, lakini muundo wake wa faili la alamisho ndio unaoelewana hadi leo kati ya Chrome, Firefox na karibu programu zote za kutunza linki. Pembeni ya kila linki utaona ADD_DATE na tarakimu ndefu: ni sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970 hadi ulipoibonyeza nyota. Kila kitu kiko pale kwa maandishi ya kawaida. Hakuna kampuni inayoweza kukufungia faili hilo.

## Andika "fug"

Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo sijaona likizungumzwa, na linatuhusu sisi.

Chukua maneno haya: mifugo, ufugaji, wafugaji, kufuga. Habari ni moja, lakini kila neno linaanza na herufi yake: m, u, w, k. Sasa, zipo programu zinazotafuta herufi popote zilipo ndani ya neno, na zipo zinazolinganisha mwanzo wa neno tu. Kwa Mwingereza hizo za pili hazina shida kubwa. Anaandika farm, anapata farmer, farming na farms, kwa sababu lugha yake inabadilisha mikia. Yetu inabadilisha vichwa. Ukihifadhi ukurasa wenye kichwa Wafugaji wa Kuku Wapewa Chanjo, kisha mwezi wa tisa ukaandika ufugaji, programu itakujibu hakuna. Ukiandika fug kwenye ile inayoanza na mwanzo wa neno, itakujibu hakuna vilevile.

Jaribu kwenye simu yako. Hifadhi ukurasa mmoja wenye neno kama hilo, kisha tafuta kwa mzizi. Dakika moja tu utajua programu yako ni ya aina gani.

Baada ya hapo nimeanza kuandika mizizi kama lebo. Fug kwa mambo ya mifugo. Lim kwa kilimo. Pim kwa vipimo, upimaji, kupima. Fundish. Inaonekana ajabu kuandika neno lililokatwa, na mara ya kwanza mkono unasita, lakini mzizi ukisimama peke yake pembeni ya linki, programu zote mbili zinauona. Majina ya ngeli ya ki-vi nayaandika yote mawili, kitunguu na vitunguu. Ni sekunde chache.

Na lile faili la HTML lina faida nyingine hapa. Ukilifungua kwenye kivinjari na kubonyeza Ctrl na F, utafutaji wa ndani ya ukurasa unapekua herufi popote zilipo. Andika fug, wafugaji watatokea.

## Yanayofanya kazi ofisini kwetu

Wengi wetu tuko kwenye WhatsApp, na sioni sababu ya kumwambia mtu ahame. Tulichobadilisha ni kimoja: kabla ya kubandika linki, andika maneno, kisha linki ifuate ndani ya ujumbe ule ule. Ya Madam sasa inasomeka hivi: asidi besi pH kemia kidato 3 majaribio maabara bika taa, halafu anwani. Hakuna sentensi. Ni maneno atakayokuja nayo siku akiwa na haraka.

Linki za zamani zilizo tupu zina dawa pia. Ukikutana na moja, ijibu: shikilia ule ujumbe, chagua kujibu, andika maneno yako, tuma. Siku ukitafuta, jibu lako ndilo litakalotokea, na ukigusa kipande cha ujumbe wa asili kilichonukuliwa juu yake, WhatsApp inakupeleka moja kwa moja hadi Juni. Madam alipoona hilo alikaa nalo mapumziko yote ya chai, anajibu linki zake moja baada ya nyingine.

Kwa wanaotumia kompyuta ya shule: kwenye Firefox, weka alama ya nyota * kwenye upau wa anwani, acha nafasi, kisha andika neno. Itapekua alamisho zako tu, si intaneti nzima. Alama ya + inapekua lebo. Chrome ikiwa kwa Kiingereza, andika @bookmarks kwenye upau wa anwani, bonyeza Tab, kisha neno lako. Chrome haina lebo, kwa hiyo maneno yanaingia kwenye jina lenyewe. Ukibonyeza Ctrl na D, kisanduku kidogo kinatokea na jina liko tayari kuhaririwa, usilikubali lilivyo. Ongeza maneno yako mbele yake. Firefox ina kitu kimoja zaidi ninachokipenda sana: unaweza kuipa alamisho neno fupi la kuiitia, tuseme ph, na kila ukiandika ph kwenye upau wa anwani na kubonyeza Enter, ukurasa unafunguka palepale.

Kwenye Chrome ya simu, baada ya kugusa nyota unaweza kugusa kuhariri na kubadilisha jina. Watu wengi hawajawahi kuligusa.

## Ukurasa wenyewe ukifa

Kuna hofu moja ambayo maneno mazuri hayaiondoi. Unaipata linki kwa sekunde mbili, unaigusa, na ukurasa haupo.

Mwaka 2024 Pew Research Center walichapisha uchunguzi wao: asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki miaka kumi baadaye. Zaidi ya theluthi. Kwetu nahisi uchungu wa hilo zaidi, kwa sababu blogu nyingi za Kiswahili zilikuwa za mtu mmoja mmoja, na mtu akiacha kulipia jina la tovuti, miaka ya maandishi inaondoka naye.

Kwa hiyo vile vilivyonigharimu kuvipata navitunzia nakala. Jaribio la PhET linapakuliwa kama faili moja la HTML linalofunguka bila intaneti kabisa; liko kwenye kompyuta ya ofisi, na mtandao ukikatika halijali. Chrome ya simu ina mshale wa kupakua ukurasa usomwe nje ya mtandao, na kwa mtu wa bando hiyo ni akiba ya kila siku. Kwa ukurasa wa wazi wa Kiswahili ninaouthamini, naenda web.archive.org/save na kubandika anwani yake. Hiyo ni ya Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, na nakala inabaki kwa kila mtu, hata kwa mwenye blogu aliyeipoteza.

Naomba wasomaji wangu wafanye hivyo kwa Kiswahili hasa. Maandishi yetu mtandaoni si mengi kiasi cha kuachwa yapotee.

## Kisichoandikwa popote

Kuna sehemu bado inanipa kazi. Mambo mengi mazuri ya Kiswahili hayako kwenye kurasa. Yako kwenye video na jumbe za sauti. Fundi anaeleza injini ya pikipiki kwa nusu saa, kichwa cha video ni alama tatu za moto na neno moja. Bwana shamba anajibu swali la mkulima kwa sauti ya dakika sita kwenye kikundi. Hapo hakuna herufi ya kulinganisha. Maneno pekee yatakayowahi kuwepo ni yale utakayoyaandika wewe.

Kwa video za YouTube nimeanza kuandika na dakika. Anwani inakubali kuongezewa muda kwa sekunde, t=754 kwa mfano, na video inaanza dakika ya 12 na sekunde 34. Kwenye ujumbe naandika: chanjo mdondo kuku fug tone jicho kila miezi mitatu, anaonyesha namna ya kumshika kuku, 12:34. Kwa jumbe za sauti naijibu sauti yenyewe kwa maneno, kama tunavyofanya kwa linki. Inachukua muda, kwa sababu lazima nisikilize hadi mwisho kabla sijaandika. Mwalimu wa Jiografia ameanza kuniletea zake tuziandikie pamoja, na wiki hii tuko kwenye za hali ya hewa.

Kama kuna anayetengeneza programu za simu na anasoma hapa: tunahitaji kitafutio kinachojua kwamba wafugaji, mifugo na ufugaji ni nyumba moja. Mizizi tutakuandalia sisi walimu, tumeshaanza orodha.